Usikitupe kihisi, pima joto kwanza
Ndugu, unasema mkondo wa umeme unaovuja kwenye kihisi chako cha silikoni huwa mdogo asubuhi, mchana unakaribia mara mbili, na sasa unataka kukitupa. Subiri kidogo. Katika silikoni mkondo huo huongezeka maradufu kwa kila nyuzijoto 7 hivi za Selsiasi, basi andika joto kando ya kila kipimo, kisha uvigeuze vyote viwe vya nyuzi 20 kabla ya kuvilinganisha. Pimia gizani kabisa. Hata mwanga wa taa ndogo ya kifaa kilicho karibu hudanganya (mimi ulinipotezea siku nzima). Mkondo bado unapanda? Shuku uso wa kihisi: unyevu, alama za vidole. Kikaushe kwa nitrojeni, pete ya ulinzi (ile inayozunguka sehemu inayopima) iunganishe na ethi, upime tena.