Mkojo wa saa 1 asubuhi ulivyoniponza: kwa mdogo wangu anayehangaika na utafiti wa stashahada

Jumanne usiku nikiwa zamu, nilipata ujumbe kutoka kwa binti anayesoma stashahada ya maabara katika chuo kimoja cha afya huku mkoani Lindi. "Shikamoo dada. Mada yangu imerudishwa mara ya 3, msimamizi anasema haina mashiko. Kuna kaka wa steshenari anauza utafiti uliokwisha kamilika, nabadilisha jina langu na la kijiji tu. Wenzangu 2 wameshanunua. Nifanyeje?"

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia asinunue, nitamwandikia. Zamu ilipoisha nikajikuta siwezi kulala. Swali lake lilinirudisha kwenye mwaka ambao huwa sipendi kuuzungumzia, na najua wapo wengi waliokwama alipokwama yeye. Kwa hiyo nawaandikia wote.

Mimi nilisoma Mtwara mjini. Nyumbani kwetu ni njia ya Nyangao, kwenye bonde la mto Lukuledi, na kama wewe ni wa kule najua umeshaelewa ninakoelekea. Tumekua tukilima mpunga, tukioga mtoni, tukivuka madimbwi kwenda shule. Kaka yangu anayenifuata alikuwa akikojoa damu, na bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtoto wa kiume anakua huyo, mwacheni. Nilipofika mwaka wa mwisho na kuambiwa nichague mada, sikufikiri mara 2. Nikaandika kichocho cha mkojo kwa watoto wa shule ya msingi, na shule yenyewe nikachagua ile niliyosoma.

Habari za barua nazipita: chuo, halmashauri, mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, fomu za ridhaa za wazazi. Zinachosha lakini zinapita.

Siku ya kukusanya sampuli nilifika shuleni kabla ya mstari. Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia nije mapema ili nisiharibu vipindi, nami nilifurahi, maana nilitaka kuwahi basi la saa 3 kurudi Mtwara. Saa 1 na nusu asubuhi watoto walikuwa wamepanga foleni nyuma ya vyoo, kila mmoja na kikombe chenye namba. Namkumbuka kijana mmoja wa darasa la 4, shati lake halina kifungo cha juu, alinirudishia kikombe kimejaa hadi mdomoni, amekishika kwa mikono yote miwili asimwage. Akaniuliza, "Dada, mimi ninacho?" Nikamwambia asubiri majibu.

Nilifunga vikombe kwenye boksi, nikapakata boksi hadi Mtwara. Jioni nilikuwa maabara ya chuo nazungusha mkojo kwenye sentrifuji, nachukua mashapo, naweka kwenye slaidi. Waliokutwa na mayai ya kichocho walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nilishangilia! Nilimpigia mwalimu mkuu, nikamsomea majina ya hao wachache waende kituo cha afya, nikamwambia wengine wote wako salama. Kwenye ripoti nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kichocho kijijini kwetu kinaelekea ukingoni.

Siku ya kutetea nilivaa sketi nyeusi mpya. Wakaguzi walikuwa 3. Mmoja, mama mtu mzima asiyesema sana, alifungua kurasa zangu polepole, kisha akauliza swali moja tu.

"Mkojo ulikusanya saa ngapi?"

"Saa 1 na nusu asubuhi."

"Kwa nini saa hiyo?"

Sikuwa na jibu. Nikasema ndiyo saa niliyopewa na mwalimu mkuu. Akafunga kitabu. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Kwa asiyejua, ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye kiini. Minyoo wakubwa wa kichocho cha mkojo, *Schistosoma haematobium*, wanaishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai, mayai hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo. Lakini hayatoki sawasawa mchana kutwa. Hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, jua likiwa juu, wakati ambapo watu huwa majini na mayai yakifika majini huanguliwa na kumtafuta konokono. Mimi nilikwenda kuyatafuta saa ambayo mengi hayajatoka. Tena mkojo wenyewe niliusafirisha mchana, ukakaa masaa bila dawa ya kuuhifadhi. Mkojo ukikaa hivyo baadhi ya mayai huanguliwa au huharibika, na kwenye slaidi huyaoni tena. Makosa 2 yote yalivuta upande mmoja, na upande huo ndio uliosema watoto ni wazima.

Nilirudishwa. Nikaambiwa nikusanye sampuli upya na nitetee na kundi linalofuata.

Nitasema lililo moyoni. Msimamizi wangu siku ile alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Sahihi yake ilikuwa kwenye propozo yangu, yaani andiko la mpango wa utafiti, kwenye dodoso, kwenye kila sura ya ripoti. Kwenye propozo niliandika wazi kwamba mkojo utachukuliwa kabla ya vipindi kuanza. Alisaini. Nilipokuwa nimesimama pale nimekosa neno, hakunyanyua uso. Miaka imepita, nina kazi yangu, nina watoto, na bado jambo hili linaniuma. Wenzangu walipovaa majoho mimi nilikuwa chumbani kwangu nasikia matarumbeta. Baba alikuwa ameshauza korosho zake na kuweka akiba ya nauli aje na mama na shangazi 2. Ilibidi nimpigie simu nimwambie wasije.

Lakini lililoniumiza kuliko yote nililikuta kijijini niliporudi.

Safari hii, kabla ya kwenda shuleni, nilipita kwanza kituo cha afya. Kuna mzee wa maabara pale, mtu wa miaka mingi kwenye hadubini, nikamweleza yote bila kuficha. Hakucheka. Aliniambia, "Mwanangu, waache wacheze mpira mapumziko, wakimbiekimbie, ndipo uwape vikombe. Halafu usisafiri na mkojo. Kaa hapa." Akanipa kona ya meza yake.

Nikafanya hivyo. Saa 5 asubuhi, watoto wana jasho na vumbi hadi kwenye nyusi, nikawagawia vikombe. Slaidi ya kwanza, lenzi ya 10, nikaliona yai. Kama hujawahi kuliona, lina umbo la mbegu ya tikiti, ganda lake linang'aa, na nchani kabisa lina mwiba mmoja mdogo. Mwiba wa nchani ndio utambulisho wake. Yai la kichocho cha tumbo mwiba wake uko ubavuni. Slaidi ya pili, mayai. Ya tatu hamna. Ya nne, mengi. Daftari langu lilianza kujaa na mkono wangu ukaanza kutetemeka, kwa sababu namba nilizokuwa naandika zilikuwa za watoto wale wale niliosema wako salama.

Kikombe cha kijana wa darasa la 4 hakikuhitaji hadubini. Matone ya mwisho yalikuwa mekundu. Alinitazama akasema, "Si ulisema sina?"

Sikumjibu. Ningemjibu nini? Niliwapeleka mwenyewe kituo cha afya, yeye na wenzake, nikahakikisha wamekula uji kwanza, nikamshuhudia anasimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu ili ijulikane ameze vidonge vingapi vya praziquantel. Dawa hiyo hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kile kijiti huokoa mahali pasipo na mizani. Alimeza akakunja uso kwa uchungu wa vidonge. Mimi nikatoka nje.

Ndiyo maana nakukataza kununua utafiti wa steshenari, mdogo wangu. Sisemi tu kwamba utakamatwa, ingawa utakamatwa, maana wakaguzi wanaijua kazi moja iliyozunguka vyuo 4 ikibadilishwa jina la kijiji. Nakwambia kwamba nyuma ya kila namba unayoandika kuna mtu amekushikia kikombe kwa mikono miwili. Mimi sikununua, nilikusanya kwa jasho langu, na bado nilimdanganya mtoto. Wewe unayebadilisha jina la kijiji umemdanganya nani?

Sasa ushauri wenyewe. Jua tabia ya unachokitafuta kabla hujaenda kukitafuta. Uliza saa. Vijinyoo vichanga vya matende na mabusha, vilivyotusumbua sana huku kusini, huonekana kwenye damu usiku, kati ya saa 4 na saa 8 usiku, kwa sababu ndio muda ambao mbu wanaovibeba wanauma. Angalia ajabu hii: kichocho saa 4 hadi saa 8 mchana, matende saa 4 hadi saa 8 usiku. Ukichukua damu ya kidoleni mchana ukaitafuta kwa hadubini, utaandika kwamba kijiji hakina matende. Kipimo cha haraka cha antijeni, kinachotafuta protini ya mnyoo badala ya mnyoo mwenyewe, hakijali saa, lakini basi sema kwenye ripoti ni kipi ulichotumia. Ukipima damu kwenye mkojo kwa kijiti cha rangi, uliza kwa staha kama msichana yuko kwenye siku zake, la sivyo utamhesabu mgonjwa. Yote hayo ni tabia. Yote hayo yanajulikana kabla hujapanda basi.

Jambo la pili ni ile 384, idadi ya watu mnaosema mtawapima. Naiona kwenye kila propozo ninayoletewa nisome. Mnaijua inatoka wapi? Unachukua 1.96 unaizidisha kwa yenyewe, unazidisha kwa 0.5 na tena kwa 0.5, unagawa kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe, inakuja 384. Ile 0.5 ya kwanza maana yake ni kwamba hujui kabisa tatizo ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo umekisia nusu. Kama shule yako ina watoto 120, utawapata wapi 384? Kuna hesabu ya kupunguza kwa jamii ndogo, mwombe mwalimu wa takwimu akuoneshe, ni dakika 10. Usiandike namba ambayo huwezi kusimama ukaieleza. Na uliza saa.

Wengine mnasema utafiti ni wa wenye digrii, sisi wa vyuo vya kati kazi yetu kupima. Ugonjwa wa chikungunya dunia nzima unaitwa kwa neno la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Ulitambuliwa hapa kwetu, mwinuko wa Makonde, upande wa Newala, katika mlipuko wa mwaka 1952. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955, lakini jina walilikuta kwa wagonjwa wenyewe. Aliyekuwa amejikunja kitandani ndiye aliyeutaja ugonjwa kabla ya kitabu chochote. Nani yuko karibu na kitanda kile leo? Ni wewe uliye fildi, unayetoboa vidole kuanzia asubuhi. Mwenye digrii yuko mbali.

Nimrudie binti wangu. Nilimwomba anitumie mada zake zote 3. Zote zilianza na "uelewa wa jamii kuhusu". Nikamwambia aziweke pembeni, anieleze kitu kimoja kilichomkera alipokuwa fildi. Hakuchelewa: watoto wanarudi zahanati wiki chache baada ya kumaliza mseto, dawa ya malaria, kipimo cha haraka cha malaria kinasoma wanayo tena, wanapewa dawa upya, na mama anaondoka akisema dawa hazifanyi kazi.

Hiyo ndiyo mada, mdogo wangu! Kipimo kile kinatafuta protini ya kijidudu, si kijidudu chenyewe, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata mtoto akishapona. Chukua watoto wa namna hiyo, kila mmoja mfanyie kipimo cha haraka na slaidi siku ile ile, uone ni wangapi kipimo kinasema wanayo na slaidi haioni kitu. Vifaa viko zahanati. Na swali la kwanza kwenye dodoso liwe: dawa alimaliza lini?

Msimamizi wake ameipokea mada Ijumaa. Jana jioni akaniandikia tena: "Dada, nimejaribu dodoso kwa akina mama 5, wengi hawakumbuki tarehe, wanasema tu ilikuwa kabla ya mnada wa korosho." Nimemwambia asikisie hata siku moja. Aende dirisha la dawa aombe daftari, tarehe ya kuchukua mseto imeandikwa pale, ahesabu siku 3 za dozi kuanzia hapo.