Namna nilivyojifunza kupata piza nzuri mjini Napoli

Ndugu yetu aliyeuliza anakwenda Napoli, Italia, kwa siku nne mwezi ujao, na anataka kujua atapataje piza nzuri bila kutozwa bei ya wageni na bila kula nguruwe, ilhali hajui Kiitaliano. Niliishi katika mji huo kwa miezi mitano nikiwa kwenye mafunzo ya kazi, na kwa kuwa chumba nilichopanga hakikuwa na jiko, nilikula piza karibu kila jioni. Nitaeleza yale niliyoyaona mwenyewe.

Jioni ya kwanza nilikosea. Nilikuwa na njaa, nikaingia katika mgahawa uliopo kando ya uwanja mkubwa, ambako kijana alisimama mlangoni akiwaita wapita njia, na orodha ya vyakula ilikuwa na picha na maelezo ya lugha sita. Nililetewa piza ngumu kama mkate wa juzi, na bili yake ilikaribia mara tatu ya ile niliyokuja kuizoea baadaye. Katika bili hiyo kulikuwa na kitu kinachoitwa coperto, nami nikaamini kwamba nimeibiwa. Baadaye nilielewa kwamba coperto ni ada ya kukalia meza, hutozwa kwa kila mtu, mara nyingi euro moja hadi tatu, na ni jambo la kawaida Italia mradi liwe limeandikwa kwenye orodha ya vyakula. Isome orodha hiyo kabla ya kukaa, nawe hutakuwa na sababu ya kugombana na mhudumu.

Kesho yake nilimwuliza mzee aliyekuwa akiuza kahawa jirani na nilipolala, na kwake nilijifunza jambo ambalo limenifaa katika kila mji wa ugenini. Ukimwuliza mwenyeji wapi kuna piza nzuri, atakutajia mahali anapodhani kwamba mgeni atapapenda. Lakini ukimwuliza yeye mwenyewe na familia yake huenda kula piza wapi, atanyamaza kidogo, atafikiri, kisha atakuelekeza kwenye uchochoro ambao usingeuingia kwa hiari yako. Sentensi ya kukariri ni hii: «Lei dove va a mangiare la pizza?» Mwonyeshe ramani kwenye simu, naye atakuwekea kidole.

Ukifika, tazama kwanza urefu wa orodha. Da Michele, duka lililoanza mwaka 1870 na ambalo lipo katika mtaa wa Cesare Sersale, kwa miaka mingi lilijulikana kwa aina mbili tu, marinara, ambayo nitaieleza hapa chini, na margherita, yaani piza ya nyanya na jibini, na foleni yake hujaa barabarani hadi leo. Mahali penye aina themanini za piza, pamoja na tambi, samaki na baga, mimi sikai. Pia utaona milangoni kibao chenye picha ya Pulcinella, yule mchekeshaji wa jadi wa Napoli mwenye kinyago, akiwa ameshika koleo refu bapa la kuingizia piza tanurini. Hicho ni kibao cha chama kilichoundwa mwaka 1984 kulinda upishi halisi wa mji huo, na kila duka mwanachama lina namba yake. Kibao hicho ni dalili njema, ingawa nimekula piza bora kabisa katika maduka yasiyokuwa nacho.

Kisha tafuta tanuri, nalo katika maduka mengi huonekana kutoka mlangoni. Simama uangalie mikono ya mpishi. Donge la unga ulioumuka kwa saa nyingi halisukumwi kwa kifimbo kama chapati. Mpishi hulibonyeza kwa vidole kuanzia katikati kuelekea nje, akisukuma hewa yote ikusanyike ukingoni, halafu hulivuta na kuligeuza upesi kwa viganja. Ndani ya tanuri la kuni, ambalo joto lake hukaribia nyuzi 485 za Selsiasi, piza hukaa sekunde 60 hadi 90 tu. Ndiyo maana ukingo hufura na kupata madoadoa meusi kama ya chui, huku katikati pakibaki laini na majimaji. Mara ya kwanza nilidhani nimepewa piza mbichi, nikatamani kuirudisha. Tafadhali usiirudishe, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Katika duka usilolijua, agiza marinara kwanza. Haina jibini: ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Kwa hiyo unga mbaya au nyanya chachu hazina pa kujificha. Ile iliyonifanya nilipende jambo hili niliila nikiwa nimesimama, imekunjwa mara mbili ikawa robo na kufungwa kwenye karatasi, mtindo wanaouita a portafoglio, yaani kama pochi, huku mafuta mekundu yakinichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono.

Kuhusu nguruwe, unga wa piza ya Napoli kwa kanuni zake ni ngano, maji, chumvi na hamira, bila mafuta yoyote, hivyo marinara na margherita hazina nyama. Jihadhari na maneno prosciutto, salame, salsiccia na cicoli, kwa kuwa yote kwa kawaida ni nguruwe. Diavola pia huwekwa salame ya pilipili. Peperoni, kwa upande wake, ni pilipili hoho tu, wala si ile nyama inayojulikana kwa jina kama hilo Marekani. Tahadhari kubwa zaidi iwe kwa pizza fritta, ile ya kukaanga, kwa sababu kijadi hujazwa cicoli ndani, na wapo wanaoikaanga kwa mafuta ya nguruwe. Waambie «senza maiale», yaani bila nguruwe, na uulize «è fritta nello strutto?», yaani je, imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe? Wakijibu ndiyo, rudi kwenye marinara.