Umetoka pwani, umekwenda pwani: jibu langu kwa binti ya shangazi

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniandikia: "Dada, wewe umetoka pwani umekwenda pwani, picha zako bahari tupu. Kuna wakala hapa Tanga anasema kazi ya kulea wazee huko ipo, anataka milioni 9. Nije?" Shamba la shangazi ndilo litakalouzwa, kwa hiyo sitakuficha kitu.

Fedha hizo usizitoe. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga viza za kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Mimi niliingia kabla. Na hata kabla haijafungwa, kuanzia Machi 2024 mhudumu mpya hakuruhusiwa kuja na mume wala watoto. Anayekuuzia kazi hiyo leo anakuuzia karatasi.

Sasa pwani yenyewe. Niko rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Wales. Reli inaishia mji wa Pwllheli. Kutoka hapo ni mabasi machache na vibarabara vyembamba, gari moja likija lingine linarudi nyuma kupisha. Kazi ya kuzunguka majumbani kwa wazee huiwezi bila leseni ya udereva. Huko kwenye ncha, Aberdaron, kanisa la Mtakatifu Hywyn limekaa ukingoni kabisa mwa ufuko na makaburi yake yanatazama maji. Jirani yake, Porth Meudwy, wavuvi wanavuta boti kwa trekta hadi nchi kavu, na mitego ya kamba-koche na kaa imepangwa pembeni. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama nikalia, nikimkumbuka babu na madema yake. Bahari nayo ina bamvua na maji mafu kama Pangani, ila hata Julai ubaridi wake unauma mpaka mifupa. Desemba jua linazama saa kumi jioni.

Lakini kuna jambo ambalo picha zangu hazikukuonyesha. Pita Abersoch, kijiji cha ufukweni hapa hapa rasini, usiku wa Novemba uone: nyumba baada ya nyumba, giza. Zina wenyewe, ila wenyewe wanaishi miji ya mbali, huja kiangazi na sikukuu. Pale kibanda cha mbao cha ufukweni, ambacho hata kulala si cha kulala, kimewahi kuuzwa zaidi ya pauni 100,000. Kijana aliyezaliwa hapo, fundi au mvuvi, atanunua nini? Anahama, na wanawe wanazaliwa kwingine. Mwisho wa 2021 shule ya msingi ya Abersoch ilifungwa, wanafunzi hawakufika hata 10. Halmashauri ya Gwynedd, inayosimamia eneo letu, imejitahidi: Aprili 2023 iliwapandishia wenye nyumba za pili nyongeza ya kodi ya halmashauri hadi asilimia 150, na Septemba 2024 ikaanza kudai kibali kwa anayegeuza nyumba ya kuishi kuwa ya likizo. Mimi naona walichelewa, lakini naona wamefanya haki.

Nasi wapangaji tumo humo humo. Nimehama mara tatu. Unapangishwa Oktoba, ikikaribia Pasaka unaambiwa utoke, watalii wanakuja. Hilo limenichosha kuliko baridi.

Kinachonishika hapa ni wazee. Gwynedd watu 64 katika kila 100 wanazungumza Kiwelisi, lugha ya asili ya Wales, na wengi wa wazee wangu ndiyo lugha waliyonyonya. Nina bibi mmoja, ugonjwa wa kusahau umemnyang'anya Kiingereza chote. Mwanzoni aliniita kwa sauti nami simwelewi, akawa analia. Nikajifunza: *paned* ni kikombe cha chai, *poen* ni maumivu, *oer* ni baridi. Jioni husema *dw i isio mynd adra*, nataka kwenda nyumbani, naye yumo ndani ya nyumba aliyoolewa. Unamkumbuka bibi yetu miezi yake ya mwisho, Kiswahili kilipomtoka akabaki na Kizigua, akiomba apelekwe Handeni? Namshika huyu mkono kama tulivyomshika yule. Wanawe wawili wako mbali, si kwa kutompenda. Hapa kijijini hawakupata pa kuishi.

Mshahara ni pauni 12 na kitu kwa saa, na mwajiri wangu wa kwanza hakunilipa muda wa njiani kati ya nyumba na nyumba. Siku ya saa kumi na mbili kazini, nalipwa nane. Msikiti ninaokwenda uko Bangor, zaidi ya saa moja kwa gari, kwa hiyo Ijumaa nyingi naswali chumbani.

Wewe ni muuguzi uliyesomea. Muuguzi bado ana njia ya halali: usajili wa baraza la wauguzi la huku, mtihani wa Kiingereza, kisha mwajiri mwenyewe. Na mwajiri haruhusiwi kukutoza gharama za cheti cha udhamini, yaani hati anayokupa ili uombe viza. Nitumie nakala za vyeti vyako Jumapili, nikiwa sipo zamu tuvipitie pamoja kwa simu. Shangazi mwambie shamba libaki.