Asbesto haina harufu: maswali yenu kuhusu meli kuukuu

Tangu Mkataba wa Hong Kong, ule wa dunia wa kuvunja meli kwa usalama, uanze kazi tarehe 26 Juni 2025 meseji zimekuwa nyingi kweli, na nusu yake zinauliza kitu kimoja, "IHM ndo nini". Jamani. Nimeieleza humu mpaka nimechoka. Ni orodha ya vitu hatari vilivyomo melini: kitu gani, kiko wapi, kiasi gani. Meli ya tani 500 za ujazo kwenda juu inayosafiri nje lazima iwe nayo, mpya tangu siku inakabidhiwa, za zamani zimepewa mpaka Juni 2030 au kabla ya kwenda kuvunjwa, chochote kitakachotangulia. Basi. Anayeuliza tena nampita, twende kwenye ya maana.

Motamani, Mombasa: Chifu shikamoo. Meli yetu ni ya 2004. Ofisi inasema haina haja ya kupimwa asbesto kwa sababu ilijengwa baada ya marufuku. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli, na wengi wanaosema hivyo wanajua. SOLAS, mkataba wa dunia wa usalama wa meli, ilikataza kufunga asbesto mpya, yaani zile nyuzi za madini za kuzuia joto, kuanzia 1 Julai 2002 lakini iliacha mianya, gasketi za mabomba ya joto kali au presha kubwa sana ziliruhusiwa, na baadhi ya vipande vya ndani vya kompresa, na mianya hiyo imekuja kuzibwa 1 Januari 2011. Kwa hiyo meli ya 2004 ingeweza kutoka yadi na asbesto ndani na makaratasi yake yote yakawa halali.

Ila hilo kwangu ni dogo. Kubwa ni stoo. Meli inatoka yadi haina hata chembe, saveya anachukua sampuli, maabara inasema safi, halafu miaka mitatu baadaye pampu inavuja mko bandari ya watu, spea za kampuni hazijafika, mtu anatumwa mjini analeta shiti ya gasketi imekunjwa ndani ya gazeti, haina jina haina namba, inakatwa kwa mkasi juu ya meza ya wekshop, inafungwa, safari inaendelea. Ile shiti ikiwa na krisotili, aina ya asbesto, na zipo nchi ambazo bado zinaitengeneza na kuiuza kihalali kabisa, basi orodha yenu imekuwa ya uongo tangu siku hiyo. Ndo maana kila spea inatakiwa ije na karatasi mbili, ofisini wanaziita MD na SDoC, ya kwanza mtengenezaji anatamka kilichomo ndani ya bidhaa, ya pili anatia sahihi kwamba tamko hilo ni lake na yeye ndiye wa kuulizwa. Nimeona mafaili ya IHM mazuri, yana jalada la plastiki, yamepangwa kwenye shelfu, lakini mstari wa mwisho uliandikwa siku meli inapewa cheti, kana kwamba toka hapo hawajanunua hata nati.

Na hujaniuliza ila nakwambia: gasketi kuukuu usiyoijua usiikwangue kwa brashi ya waya wala grainda. Iloweshe, itoe kwa kisu butu, weka kwenye mfuko mzito, mfuko ndani ya mfuko, andika. Kitambaa cha pua hakizuii kitu, vaa maski ya chembe ya P3 inayobana uso. Ovaroli usiipeleke nyumbani mkeo akufulie, wapo wake za mafundi wa yadi huko Ulaya waliougua saratani ya asbesto na hawajawahi kukanyaga meli, walikuwa wanakung'uta nguo tu.

Mwokaji, Tanga: Nimeuziwa kamba nyeupe ya kuzuia joto, imetoka kwenye meli iliyokatwa. Nimeizungushia mlango wa tanuri la mikate. Kuna ubaya?

Upo. Itoe leo. Inaweza ikawa faibaglasi ya kawaida, inaweza ikawa asbesto, kwa macho huwezi kujua, na msiniletee kile kipimo chenu cha kiberiti maana zote mbili haziwaki. Kipimo ni darubini ya maabara. Zima tanuri lipoe kabisa, nyunyizia kamba maji yenye sabuni mpaka ilowe, itoe taratibu bila kuivuta kwa nguvu, ifunge kwenye mifuko miwili, futa mlango kwa kitambaa kibichi na hicho kitambaa kiingie humo humo, na usifagie. Mfuko uuweke mbali na watoto mpaka uongee na watu wa NEMC, baraza la mazingira la serikali, usiutupe dampo la mtaa.

Huyo aliyekuuzia ana nyingine. Waambie wenzako wenye matanuri na wale wa majiko ya kuyeyushia alumini, maana najua zinaishia huko.

Mwenye jahazi, Lamu: Jahazi langu la mbao linahitaji hiyo orodha?

Hapana. Ila betri ya injini usiitose mlangoni mwa bandari ukadhani maji yameificha.

Mwanafunzi, chuo cha ubaharia DMI, Dar: Mwalimu, kwa nini meli zinapelekwa kuvunjiwa ufukweni Bangladesh na India wakati kuna gudi za kisasa?

Pesa, mwanangu, na bamvua. Chukua Alang, Gujarat. Pale maji yanajaa na kupwa kwa mita kama 10, na ufukwe wake una mteremko mdogo. Kapteni anasubiri bamvua, maji yakijaa kabisa anaelekeza pua nchi kavu na kusukuma injini mpaka meli ipande mchanga, maji yakitoka meli imebaki. Hamna gudi la kujenga, hamna lango la kufunga. Sitakunda karibu na Chattogram, Bangladesh, ni hivyo hivyo, na Gadani huko Pakistani. Bangladesh haina migodi ya chuma inayoitosha, kwa hiyo bati la meli linaenda moja kwa moja kwenye viwanda vya kusokota nondo, na mnunuzi wa pale anamlipa mwenye meli bei ambayo yadi ya Ulaya haiwezi kuifikia. Anayelipia hiyo tofauti ni yule kijana anayekata bati kwa gesi juu ya tope lililochanganyika na mafuta. Tarehe 1 Novemba 2016 Gadani tangi la mafuta liliwaka wakikata, watu wasiopungua 26 wakafa, mabaki ya mafuta yalikuwa bado yamo ndani na kazi ya moto ikaanza hivyo hivyo.

Sasa usije ukaandika kwenye mtihani kwamba Mkataba wa Hong Kong umekataza ufukwe, haujakataza. Umetaka yadi iwe na kibali na mpango, meli iwe na orodha, na kila meli iwe na mpango wake wa kuvunjwa. Umoja wa Ulaya ndio wenye masharti makali zaidi, orodha yao ya yadi zilizokubaliwa haina hata moja ya ufukweni. Lakini sharti hilo linafuata bendera ya Ulaya, na bendera ni kitambaa. Meli ya miaka 25 inauzwa kwa dalali wa pesa taslimu, inapakwa jina jipya, inapandishwa bendera nyingine kwa safari ya mwisho, na moja ya bendera zinazotumika sana kwa safari hizo ni ya majirani zetu hapa, Komoro. Meli yenyewe labda haijawahi hata kuiona Moroni kwa mbali. Hili linaniudhi kuliko ufukwe wenyewe, maana Alang angalau yadi nyingi sasa zimemwaga zege na kuweka kreni, wamejitahidi, ila mwenye meli aliyekula faida miaka 25 yeye anatoka mlango wa nyuma na jina lake halimo popote.

Fundi gesi, Mombasa: Tumepewa kazi ya kukata tagi kuukuu, boti ya kuvuta meli. Bosi anasema tangi limefunguliwa siku mbili kwa hiyo hewa imeshaingia, twendeni. Wewe unaonaje?

Naona bosi aingie kwanza.

Mdogo wangu, sikiliza. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kutu inakula oksijeni, ndo maana tangi tupu, kavu, halina mafuta wala kemikali, linaua mtu akiwa bado kwenye ngazi. Kufungua mfuniko mmoja hakubadilishi hewa ya chini, inataka feni na mfereji wa kufika mpaka sakafuni, halafu mita ya gesi, unapima juu, katikati na chini, na unaendelea kupima mkiwa ndani. Pua si mita. Salfidi ya haidrojeni inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo, ikizidi inaua mishipa ya kunusa na unadhani imeondoka.

Tena salama kuingia si salama kukata. Chini ya magamba ya kutu na tope kunakuwa na mafuta, baridi yanatulia, ukiweka moto yanatoa mvuke, kwa hiyo mita iliyosoma sifuri asubuhi inasoma kingine ukishawasha tochi ya gesi. Safisheni mpaka bati lionekane. Mabomba nayo fungueni muone, msiamini vali iliyofungwa. Na rangi: tagi la zamani lina rangi yenye madini ya risasi, wakati mwingine kromiamu, ukipitisha moto juu yake unaivuta yote kifuani, kwa hiyo pale mnapopitisha mstari wa kukata rangi itolewe kwanza, na si kwa kuchoma.

Mtu akianguka ndani, usiruke kumfuata. Najua ni ndugu yako. Wengi wanaokufa kwenye matangi ni wale wa pili na wa tatu, walioingia kuokoa bila mtungi wa hewa. Kama mtungi haupo hapo mlangoni na mtu wa kusimama hayupo, kazi haijaanza. Sheria inataka mabaharia wafanye zoezi la kuokoa mtu tangini kila miezi miwili, tangu 2015, na bado kuna meli wanalijaza kwenye daftari wakiwa mesini wanakunywa chai.

Ofisa wa pili, likizo Zanzibar: Vile vigunduzi vya moshi vya zamani, naweza kuchukua kimoja nyumbani?

Acha. Vingi vina amerisiamu, madini ya mionzi. Kidogo, lakini si mapambo.

Mchora meli, Dar: Rangi ya chini ya meli ya miaka ya tisini, naikwangua tu nipake mpya?

Usiikwangue chini ikadondokea maji. Rangi za wakati ule nyingi zina TBT, sumu ya kuzuia viumbe kuota chini ya meli, ile iliyofanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume na wakashindwa kuzaa. Ilipigwa marufuku duniani Septemba 2008, na saibutrini, sumu nyingine ya rangi hizo, nayo imefuata Januari 2023. Pima kwanza, kusanya makwangwa yote.

Dalali, Dar: Kuna meli imetelekezwa, mwenyewe hapatikani, chuma ni kingi. Nikiongea na watu nikaikata pale pale ilipo kuna shida?

"Nikiongea na watu." Nimeipenda hiyo.

Anzia TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, na NEMC, na kama huna pa kuweka asbesto, mafuta machafu, gesi za friji na betri basi hata usianze, uza wazo lako kwa mwingine. Watu mnaona chuma mnasahau kilichofungwa kwenye chuma. Brazili walikuwa na manowari ya kubeba ndege, São Paulo, waliinunua kwa Wafaransa ikiitwa Foch. Wakaiuza kwa yadi ya Aliağa, Uturuki, ikavutwa kuvuka Atlantiki. Orodha yake ilitaja asbesto isiyofika hata tani 10, wakati pacha wake, Clemenceau, alishajulikana kubeba mamia ya tani, huyo naye aliwahi kurudishwa kutoka njia ya Alang mwaka 2006 mpaka akaishia kuvunjwa Hartlepool, Uingereza. Waturuki wakafuta kibali Agosti 2022, meli ikarudishwa, Brazili wenyewe wakaikatalia bandari, ikazungushwa baharini wiki na wiki, na tarehe 3 Februari 2023 jeshi lao likaizamisha Atlantiki na kila kilichokuwemo. Hiyo ni dola yenye jeshi la maji. Wewe una tochi mbili na vijana sita.

Na kama huko ni mbali, nenda Owino Uhuru, Mombasa, uulize. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukutani kwa watu, risasi ikaingia kwenye damu za watoto, mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Nao walianza kwa kusema ni biashara ya skrepa tu.

Mama, Muscat: Kaka, mume wangu alikuwa injini rumu miaka ya themanini na tisini, siku hizi anakohoa na kifua kinabana akipanda ngazi. Hospitali wanampa dawa za pumu. Nihofie?

Pole shemeji. Si kila kikohozi cha baharia ni asbesto, lakini asbesto inakaa miaka 20, 30, hata 40 ndo inajionyesha, na daktari asipoambiwa hawezi kuota. Mrudishe kwa daktari wa kifua, na aseme mwenyewe kwa mdomo wake: nilifanya kazi kwenye meli, boila na mabomba yamefungwa magamba meupe, tulikuwa tunayabomoa kwa nyundo. Aombe picha ya CT na kipimo cha pumzi. Kama anavuta sigara aache, maana sigara na asbesto zikikutana hatari ya saratani ya mapafu inapanda kupita zote mbili zikiwa peke yake.

Halafu tafuta kile kitabu chake cha baharia, kila meli aliyopanda imo humo na tarehe zake. Piga kopi kila ukurasa kabla ya kukitoa kwa mtu yeyote, hata wakala akija na maneno matamu, maana bila hicho hamna wa kumdai.