Usianze na mionzi, anza na metali baridi

Vijana wa kemia hapa Kisumu wakisikia dawa za mionzi, yaani metali yenye mionzi iliyofungwa ndani ya molekuli ili ifikishwe kwenye saratani, huniuliza swali lilelile: molekuli gani hushika metali kwa nguvu zaidi? Mimi huwaambia waulize kwanza inaiachia baada ya muda gani. Damu imejaa protini zinazonyemelea metali. Galiamu inashabihiana na chuma, basi transferini, protini ya damu inayobeba chuma, huinyakua ikipata mwanya. Lutetiamu ikichomoka hukimbilia mifupani, na mionzi kuunguza uboho ndiyo balaa tunayoikwepa.

Molekuli nzuri ni kama mgono wa samaki: kuingia rahisi, kutoka kazi. DOTA, pete yenye nitrojeni 4 na mikono 4 ya kaboksili, haiachii kirahisi. Taabu yake ni kuingiza: lutetiamu-177, ile yenye mionzi, kwa kawaida hupashwa moto, mara nyingi karibu nyuzi 95. Peptidi (vipande vifupi vya protini) na molekuli ndogo huvumilia, na dawa ya lutetiamu ya saratani ya tezi dume iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 hutumia DOTA. Kingamwili, protini kubwa ya kinga ya mwili, huharibika kwa joto hilo. Ukitaka kuitumia pamoja na aktiniamu-225, tazama macropa, molekuli nyingine ya kushika metali, ambayo huishika hiyo ndani ya dakika chache bila kupashwa.

Saa nayo haimsubiri mtu. Galiamu-68 ya kupigia picha hupungua nusu kila dakika 68. Ukichukua saa nzima kuifunga, karibu nusu imepotea mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Lutetiamu-177 hukupa siku 6 na ushee.

Sasa, mezani kwangu hakuna mionzi ya kutisha, na kazi inaenda. Tumia metali baridi, yaani isiyo na mionzi ya kuhesabika: lutetiamu ya kawaida. Aktiniamu haina isotopu (aina ya atomu zake) isiyo na mionzi, kwa hiyo lanthanamu ndiyo mbadala wake wa mazoezi. Weka kando vijiko vya chuma, osha vyombo vya plastiki kwa asidi, na maji ya bomba yasikaribie hata kusuuzia. Chuma na zinki kidogo tu zitajaza nafasi za molekuli yako, nawe utadhani umeiunda vibaya. (Hili huwachosha wanafunzi kuliko hesabu zote.)

Kisha linganisha. Funga lutetiamu kwa EDTA, molekuli ya kushika metali isiyo na pete, nyingine kwa DOTA, tia zote kwenye asidi, chota sampuli kila baada ya muda na upime metali iliyoachiliwa kwa arsenazo III, rangi inayobadilika ikikutana na metali. Ya EDTA huachia mara moja. Ya DOTA iache mpaka kesho, uipime tena.