Kabla hujapanda mimbarini, soma na mistari iliyo juu ya andiko lako

Wadogo zangu mnaoanza kuhubiri, Jumapili tatu mfululizo nimekaa benchi la nyuma nikiwasikiliza. Nawapenda, ndiyo maana siwezi kunyamaza. Mmoja wenu alisoma Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", kwa ajili ya watahiniwa wa kidato cha nne, akafunga Biblia na hakuifungua tena. Dakika 40 za "mwambie jirani yako" na "pokea!" Paulo aliyeyaandika maneno yale akiwa kifungoni hakutajwa, wala mstari wa 12, anaposema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Matokeo yakitoka na mtoto amefeli, atamwelewaje Mungu?

1. Soma sura nzima, kwa sauti, mara tano, kabla hujaandika kiini cha somo.

2. Usimpe mtu ahadi ambayo andiko halijampa. Hapa mnivumilie, maana hili limeniuma miaka mingi.

Mwaka wangu wa pili katika huduma nilipewa mkesha wa mwaka mpya. Watu walitaka "neno la mwaka", nami nikachukua Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Niliuchomoa mstari ule peke yake, kama ukuni mmoja kwenye mzigo, nikatangaza kwamba mwaka hautaisha mgonjwa yeyote wa kanisa letu akiwa kitandani. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya ambaye mumewe alikuwa akisafishwa damu kila wiki. Nikamshika mkono mbele ya kanisa zima: "Mama, andika tarehe ya leo." Akaandika, kwenye daftari lake la nyimbo lenye jalada la bluu.

Mwezi wa nane tukamzika mumewe. Matanga yalipoanuliwa nilikwenda kumpa pole. Hakulia, hakunilaumu. Alileta lile daftari, akafungua ukurasa ule, akaweka kidole juu ya tarehe. "Mtumishi, hili neno lilikuwa la Mungu au la kwako?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo niliposoma barua yote ya Yeremia, iliyo katika sura ile ya 29, kwa mara ya kwanza, mimi niliyekwisha kuihubiri. Waliandikiwa mateka walioko Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani, maana hawarudi karibuni. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile walizikwa ugenini, na Mungu hakuwa amewadanganya. Nikarudi nyuma, sura ya 28, nikamkuta nabii Hanania amesimama katika nyumba ya Bwana akiwaahidi watu kwamba ni miaka miwili tu, vyombo na mateka vyote vitarudi. Yeremia akamwambia Bwana hakumtuma, anawatumainisha watu maneno ya uongo. Nilidhani nimemhubiri Yeremia, kumbe nilimhubiri Hanania.

Nilirudi kwa yule mama nikamwomba msamaha. Jumapili iliyofuata nikaomba tena mbele ya kanisa, kwa sababu nilikosa mbele ya kanisa. Baadhi ya wazee walisema najishusha. Waache waseme.

3. Hubiri kwa sauti yako. Ukimwiga mhubiri wa YouTube hadi kikohozi chake, bibi wa benchi la mbele anajua.

4. Linda muda wa Neno. Sifa saa nzima, matangazo, mnada wa sadaka, harambee ya jengo, halafu mhubiri anaonyeshwa saa, na ninyi mnakubali! Someni Nehemia 8: Ezra alisoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, watu wamesimama, Walawi wakaeleza maana mpaka yakafahamika. Watu walilia kwa kuyasikia maneno ya torati tu, pasipo kinanda kupigwa chini chini. Wenye njaa ya Neno wangalipo hata leo. Nawaona wakitoka ibadani na kalamu ambazo hazijafunguliwa.

Wewe uliyewahubiria watahiniwa, moto unao, na sitaki uzimike. Jumatano baada ya maombi ya jioni pitia nyumbani na Biblia yako, mke wangu atakuwa ameandaa chai. Tutasoma Wafilipi yote mezani. Sura ni nne tu.