Mwenye jedwali la dunia 14 za Wahindu: futa safu ya "Jehanamu" kabla hujachapa

Mkuu, futa hilo jedwali. Sijamaliza hata kusoma bandiko lako. Nimefika pale uliposema umezigawa dunia 14 za Wahindu (saba za juu, saba za chini) katika safu tatu, Mbinguni, Duniani na Jehanamu, na unaomba tukusaidie kupanga miungu kwenye safu sahihi kwa sababu Ijumaa unawasilisha chuoni, jasho likanitoka. Hiyo safu ya tatu mimi nimeilipia kwa pesa yangu.

Miaka ya nyuma mama mmoja hapa Dar, asili yake Kerala, kusini mwa India, alinipa kazi ya kutafsiri kijitabu cha kurasa 12 cha sikukuu ya Onam. Walikuwa wanaalika majirani waje kula chakula juu ya jani la mgomba, na walitaka kila mgeni aondoke na maelezo ya Kiswahili. Nakala 200, na uchapishaji nisimamie mimi. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mahabali alikuwa mfalme wa ukoo wa asura, yaani mahasimu wa miungu, mjukuu wa Prahlada, mwema, mkarimu, raia wanampenda. Nguvu zake zikapanda mpaka akamng'oa Indra, mfalme wa miungu, kwenye mbingu yake. Mungu Vishnu akamjia kwa umbo la mbilikimo aitwaye Vamana, akamwomba ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akakubali. Mbilikimo akaanza kukua: hatua ya kwanza ikaimaliza dunia, ya pili ikazimaliza mbingu, na kwa kuwa ahadi ni ahadi, Mahabali akatoa kichwa chake kikanyagwe kwa hatua ya tatu. Akashushwa Sutala, mojawapo ya zile dunia saba za chini. Watu wa Kerala husema kila mwaka, wakati wa Onam, anapanda kuja kuwaona raia wake, na ndiyo maana wanampambia uwanja kwa maua.

Sasa nione fundi wa lugha. Kwenye "asura" nikaandika "shetani". Kwenye "Sutala" nikaandika "Jehanamu". Unganisha mwenyewe. Kijitabu kikatoka na mwaliko mzuri kabisa, rangi, karatasi ya kung'aa: karibuni tumpokee shetani Mahabali, ambaye kila mwaka hutoka Jehanamu kuja kututembelea.

Baba yake yule mama alikisoma polepole, akavua miwani. Hakufoka. Angefoka ningepona. Aliniuliza tu, "Kijana, mfalme wetu amekosa nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi kisa nilikuwa nimekitafsiri bila kukisoma. (Msinicheke. Kuna watu humu wanatafsiri mikataba hivyohivyo.) Usiku ule nilikaa na mpwa wangu tunabandika stika zenye neno "Sutala" juu ya neno "Jehanamu", sehemu nne kwa kila kijitabu, zidisha mara 200. Gundi ilikuwa ya bei ya chini kama akili yangu ya siku hiyo, asubuhi stika zimejikunja na Jehanamu inachungulia. Nikachapa upya vyote. Laki tatu na nusu, mfukoni mwangu.

Aliyenifikisha hapo ni jamaa mmoja wa video, sauti nzito kama anatangaza mechi ya watani, anakueleza dini nzima kwa dakika kumi. Alikuwa na mchoro wa rafu tatu, rangi ya bluu, kijani na nyekundu, sawasawa na huo wako, ndiyo maana nahisi umemtazama yeye yule. Alisema dunia saba za juu za Wahindu ni "mbingu saba tunazozijua", kwa hoja kwamba saba ni saba. Sasa fungua orodha yenyewe: Bhuloka, Bhuvarloka, Svarloka, Maharloka, Janaloka, Tapoloka, Satyaloka. Hiyo Bhuloka, ya kwanza katika saba za juu, ndiyo hii tunayokanyaga. Hata Mbagala imo. Mbingu saba zake tayari zimebaki sita, na bado hajafika chini.

Na huko chini ndiko alikoniua. Vishnu Purana, mojawapo ya vitabu vya kale vya visa vya Wahindu, inasimulia kwamba mjumbe Narada alizitembelea dunia za chini, Patala na wenzake, aliporudi akawaambia wakazi wa mbinguni kwamba kule kunapendeza kuliko kwa Indra. Bhagavata Purana inaziita paradiso za mashimoni: majumba, bustani, jua halifiki lakini vito kwenye vichwa vya nyoka vinatoa mwanga. Na huko Sutala, mahali nilipopaita Jehanamu kwa mkono wangu, Vishnu mwenyewe ndiye anayelinda mlango wa Mahabali. Mateso yapo, ndiyo, lakini yana mahali pake, Naraka, mikononi mwa Yama, mungu wa wafu, na Bhagavata inahesabu Naraka 28. Ni anwani nyingine kabisa. Mimi nilisoma "chini" nikasikia moto.

Ndiyo maana nina kanuni moja tu, ishike hata ukitupa mengine yote: usiulize ulimwengu uko juu au chini, uliza aliye ndani anatokaje.

Maneno yetu ya pepo na jehanamu yamebeba wazo la kufika mwisho wa safari. Ndani ya dunia hizi 14 hakuna mwisho wa safari, kila moja ina mlango wa kutokea. Svarga, mbingu ya Indra (ndiyo ile Svarloka ya kwenye orodha), unaingia kwa mema uliyotenda na unakaa kadiri ya mema hayo. Ni kama bando, likiisha unarudishwa duniani. Bhagavad Gita inasema hivyo waziwazi katika sura ya 9, na sura ya 8 inaongeza kwamba dunia zote, mpaka ya Brahma, mungu muumbaji, ni za kurudi. Naraka nayo ukimaliza adhabu yako unatoka, unazaliwa tena. Anayetafuta kutoka moja kwa moja anatafuta moksha, yaani kuachana kabisa na kuzaliwa tena, na moksha haina chumba kwenye jedwali lako.

Tumia swali hilohilo kwa miungu, utaona maajabu. Indra anatokaje? Muda wake unaisha. Indra ni cheo, mkuu. Siku moja ya Brahma ni miaka 4,320,000,000, na ndani yake kuna vipindi 14, kila kipindi na Indra wake. Mkeka ukitoka, yule wa zamani anapisha. Brahmavaivarta Purana ina kisa cha Indra aliyekuwa anajijengea kasri la kifahari, akaonyeshwa msururu wa chungu wanatambaa sakafuni, akaambiwa kila chungu pale aliwahi kuwa Indra. Na unajua Indra wa kipindi kijacho ni nani? Mahabali. Yule "shetani" wangu wa "Jehanamu" yuko kwenye foleni ya kuwa mfalme wa mbinguni. Mzee aliponieleza hilo nilitamani Sutala inimeze.

Hata Brahma mwenyewe ana miaka yake 100, ya siku hizo ndefu, halafu naye basi. Kwa hiyo uliposema umemweka juu kabisa kama "Mungu Mwenyezi wa Kihindu", mtoe hapo leo hii. Nani akae badala yake? Inategemea umefungua kitabu gani. Ukishika Vishnu Purana ni Vishnu, ukishika Shiva Purana ni Shiva. Usichanganye vitabu viwili kwenye safu moja.

Idadi ya miungu pia umeandika milioni 330 kama vile kuna daftari la mahudhurio. Hiyo ni koti 33, na koti hapa si la kuvaa, ni laki mia, hesabu ya hukohuko tulikochukua neno laki. Katika Brihadaranyaka Upanishad, kitabu kingine cha kale, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni mingapi. Anajibu 303 na 3003. Anaulizwa tena, 33. Tena, sita. Tatu. Wawili. Mmoja na nusu. Mmoja. Muulizaji ni yuleyule na anayejibu ni yuleyule, baraza moja. Weka hilo kwenye safu nikuone.

Naona chini uliuliza pia kuhusu fizikia na ulimwengu sambamba, na kitabu cha kuanzia. Watakuja wengine. Wewe kwanza badilisha vichwa vya safu: anayekaa, alivyoingia, anavyotoka. Na kama umeshachapa bango, niandikie inboksi, stika za "Sutala" bado ninazo kama mia hivi. Gundi utajitegemea.